Mzazi, mtoto na tairodi za Datsun: Hesabu kwanza, spana baadaye

Katika nyumba nyingi, mtoto anayeruhusiwa kusogea karibu na gari linalotengenezwa hupewa kazi moja tu: kushika tochi. Baada ya dakika chache hukaripiwa kwamba haimuliki panapotakiwa, na kabla ya jioni anakuwa ameshaondoka kwenda kucheza. Anachobaki nacho ni kwamba magari ni mambo ya wakubwa wenye hasira.

Ipo kazi moja ya gereji ambayo mtoto wa miaka 12 au 15 anaweza kuwa na nafasi ya kweli. Ni kufungua, kubadilisha na kurekebisha tairodi, yale mapau mawili ya chuma yanayounganisha mfumo wa usukani na magurudumu ya mbele. Kazi hii haihitaji mashine za gharama kubwa, na kwa kawaida inaisha kwa Jumamosi moja. Lakini haimsamehe mtu asiyehesabu. Idadi ya mizunguko, milimita za uzi na umbali kati ya matairi ndivyo vinavyoamua kama gari litakwenda sawa, kwa hiyo anayeshika daftari hubeba wajibu sawa na anayeshika spana.

Wajibu huo si mdogo. Tairodi ikichomoka gari likiwa mwendoni, gurudumu moja la mbele hugeukia linakotaka, na dereva hata akizungusha usukani hawezi kulirudisha. Mzazi anayetaka kuifanya kazi hii nyumbani anapaswa kujua hatua zake, na pia kujua mahali pa kusimama na kumwita fundi.

GARI LENYE HISTORIA AFRIKA MASHARIKI

Mfano mzuri wa kujifunzia ni Datsun 240Z, gari la michezo ambalo kizazi cha babu wa leo kinalifahamu vizuri. Nissan ililizindua Japani mwishoni mwa mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z, kisha likauzwa nje kwa jina la 240Z. Namba hiyo inatokana na injini yake ya lita 2.4, yenye silinda sita zilizopangwa kwenye mstari mmoja.

Katika Afrika Mashariki gari hili lilijijengea jina kwenye vumbi na matope. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na ambayo njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, alishinda tena kwa 240Z. Tangu mwaka 2003 yamekuwapo pia mashindano ya magari ya zamani, East African Safari Classic, ambako magari ya aina hii huonekana tena barabarani.

Leo 240Z ya mwisho kutengenezwa ina umri wa takriban nusu karne. Zilizobaki mikononi mwa familia mara nyingi ni za urithi, au zilinunuliwa zikiwa mbovu na kufufuliwa kidogo kidogo. Ni gari la viti viwili, kwa hiyo mtoto mmoja tu ndiye anayepanda na wengine husubiri zamu. Huenda hiyo ikawa sababu nyingine ya kuwashirikisha wote kwenye matengenezo.

Usukani wake hauna msaada wa haidroliki wala umeme. Kila kinacholigonga tairi hufika mikononi mwa dereva. Faida yake ni kwamba kifaa kikianza kulegea, mikono hujua mapema.

TAIRODI INAFANYA NINI?

Dereva anapozungusha usukani, gia ndogo iliyo mwishoni mwa mhimili wa usukani husukuma pau lenye meno kwenda kushoto au kulia. Pau hilo, mafundi huliita reki, limelala kwa upana nyuma ya magurudumu ya mbele au mbele yake, kutegemea aina ya gari. Kila mwisho wa reki kuna tairodi moja. Upande wa ndani tairodi imeshikwa na bolijointi iliyofichwa ndani ya mpira wenye mikunjo. Upande wa nje kuna kichwa chenye bolijointi nyingine, yaani tairodi endi, kinachoshika mkono wa chuma unaogeuza gurudumu.

Tairodi endi imefungwa kwenye tairodi kwa uzi, kama nati kwenye bolti, na nyuma yake kuna nati ya kuzuia isijizungushe. Kwa sababu ya uzi huo, urefu wa tairodi unaweza kuongezwa au kupunguzwa. Urefu ukibadilika, uelekeo wa gurudumu nao unabadilika. Hapo ndipo kufungua na kurekebisha vinapokuwa kazi moja: mtu hawezi kubadilisha tairodi endi bila kugusa uelekeo wa matairi.

Mfumo huu unafanana sana na wa magari madogo yaliyojaa mijini leo, hivyo anayejifunza kwenye Datsun ataelewa pia gari la kila siku la nyumbani. Magari kama Land Rover za zamani ni tofauti. Yana boksi la usukani na vyuma vingi zaidi vya kuunganisha, na hatua zake si hizi zote.

DALILI ZA KUCHAKAA

Tairodi haifi ghafla bila kutoa taarifa. Usukani huanza kuwa na nafasi, yaani dereva anauzungusha kidogo na gari halijibu. Kwenye barabara ya makorongo husikika mgongano mdogo wa chuma upande wa mbele. Gari huvuta upande mmoja, au usukani hukaa pembeni wakati barabara imenyooka.

Matairi nayo huandika habari zake. Mtoto anaweza kupewa kazi ya kupitisha kiganja juu ya kashata za tairi la mbele, kutoka nje kwenda ndani, kisha kurudi. Kama upande mmoja kunateleza na upande mwingine kunakwaruza kama msumeno, tairi limekuwa likiburuzwa kwa upande. Matairi yote mawili ya mbele yakiliwa kingo za nje, mara nyingi yamefunga mno kwa mbele, kama miguu ya mtu anayetembea vidole vikielekeana. Yakiliwa kingo za ndani, mara nyingi yamefunguka.

Kipimo cha uhakika zaidi hufanywa gari likiwa limeinuliwa na kuwekwa juu ya stendi. Mzazi hulishika gurudumu kwa mikono miwili, kushoto na kulia, kama saa tatu na saa tisa kwenye uso wa saa ya ukutani, kisha hulitikisa. Mtu mwingine huangalia na kugusa tairodi endi. Kichwa kikicheza ndani ya kikombe chake bila gurudumu kugeuka, kimekwisha. Kama mchezo unasikika ndani ya ule mpira wenye mikunjo, tatizo liko kwenye bolijointi ya ndani. Gurudumu likishikwa juu na chini na likacheza, shida inaweza kuwa beringi au bolijointi ya chini, na hapo tairodi haina kosa.

Mpira unaofunika bolijointi ukiwa umepasuka, kifaa hakina maisha marefu hata kama bado kinabana. Vumbi na maji vikishaingia kwenye grisi, vinageuka kuwa msasa.

USALAMA WA MTOTO KWANZA

Kabla ya spana kuguswa, familia inapaswa kukubaliana masharti. Gari liwe mahali tambarare na pagumu, si kwenye mchanga wala mteremko. Hendibreki ivutwe, gari liwe kwenye gia, na magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe au vigingi vya mbao mbele na nyuma. Nati za magurudumu zilegezwe kidogo gari likiwa bado chini.

Jeki ni ya kuinulia tu. Gari likishapanda, lishushwe juu ya stendi imara zilizowekwa mahali ambapo kitabu cha gari kinaelekeza. Matofali hayafai, kwa sababu hupasuka bila onyo. Gurudumu lililotolewa hulazwa chini ya ubavu wa gari kama kinga ya ziada. Mtoto hapaswi kuingia chini ya gari kwa sababu yoyote, na hana haja ya kuingia, maana tairodi endi hufikiwa kwa pembeni gurudumu likishatolewa.

Wakati wa kugonga kwa nyundo, mtoto asimame mbali na kila aliye karibu avae miwani ya kinga. Vipande vya kutu na chuma huruka.

ANDIKA KABLA YA KUFUNGUA

Hapa ndipo daftari linapoanza kazi. Gurudumu likishatoka na uzi ukishasuguliwa kwa brashi ya waya, mtoto anachukua vipimo vitatu na kuviandika pamoja na tarehe na upande, kushoto au kulia.

Kwanza, idadi ya nyuzi zinazoonekana nyuma ya nati ya kuzuia. Pili, umbali kwa milimita kutoka katikati ya kichwa cha bolijointi hadi alama isiyohama kwenye tairodi, kwa mfano mstari mwembamba wa rangi. Tatu, idadi ya mizunguko kamili ambayo tairodi endi itachukua mpaka kutoka. Hiki cha tatu kitajazwa baadaye. Picha ya simu inasaidia, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya namba.

Kipimo cha pili ndicho muhimu kuliko vyote, na kuna sababu. Spea mpya si lazima iwe na urefu uleule wa ile ya zamani, hasa kwa gari ambalo spea zake hutoka kwa watengenezaji mbalimbali. Mtu akirudisha mizunguko ileile kwenye kichwa kilicho kirefu zaidi kwa milimita mbili, tairodi nzima itakuwa ndefu kwa milimita mbili, na tairi litaangalia kwingine.

JINSI YA KUTOA

Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu kwenye uzi na uache yafanye kazi, ikiwezekana tangu usiku uliotangulia. Kisha ile nati ya kuzuia ilegezwe wakati tairodi endi bado imefungwa kwenye mkono wa gurudumu, kwa sababu mkono huo unasaidia kuishikilia. Spana moja inazuia, nyingine inazungusha. Robo ya mzunguko inatosha. Katika baadhi ya magari tairodi moja ina uzi wa kushoto, unaofunguka kinyume na kawaida, kwa hiyo ni vizuri kuutazama uzi kwanza kabla ya kutumia nguvu.

Hatua inayofuata ni kotapini, kile kipini cha waya kinachopita kwenye nati yenye meno kama taji. Miguu yake inanyooshwa kwa koleo na kuvutwa. Kotapini ikishatoka haitumiki tena. Nati ya taji inafunguliwa, lakini inaachwa ikishikilia nyuzi chache za mwisho ili kichwa kisidondoke ghafla.

Sasa kuna ugumu unaowashinda wengi. Shina la bolijointi ni la umbo la pia, nene juu na jembamba chini, na limejikaza ndani ya tundu la mkono wa gurudumu. Kuvuta hakusaidii. Wengine hugonga shina lenyewe kwa nyundo na kuharibu uzi. Njia njema ni kifaa cha kuvutia, yaani pula, kinachosukuma shina litoke taratibu. Asiye nacho huweza kugonga ubavu wa tundu, si shina, huku nyundo nzito ya pili ikiegemezwa upande wa pili. Tundu hutikisika kwa pigo na shina huachia. Ile uma ya chuma inayopigwa katikati hufanya kazi haraka, lakini hupasua mpira, hivyo inafaa tu kwa kifaa kinachokwenda kutupwa.

Kichwa kikishaachia, mzazi anakizungusha kutoka kwenye tairodi na mtoto anahesabu kwa sauti. Mahali pa kuanzia pawekewe alama ya rangi ili mzunguko mmoja uwe mzunguko mmoja kweli.

NAMBA ZISIPOLINGANA

Jambo hili hutokea mara nyingi. Kichwa kinatoka, mzazi anasema ni mizunguko 17, na daftari la mtoto linasema 18. Fundi aliyekomaa anaweza kuwa amekosea kwa sababu alikuwa anawaza jinsi ya kushika spana. Mtoto anaweza kuwa ameruka namba kwa sababu paka alipita.

Kishawishi cha mzazi ni kumaliza ubishi kwa cheo chake: "Nimesema 17, andika 17." Mtoto mwenye adabu ataandika 17. Safari nyingine akiona kitu hakilingani, atanyamaza, na safari hiyo nyingine inaweza kuwa siku alipoona nati haina kotapini.

Njia iliyo salama kwa gari na kwa malezi ni kurudi kwenye rula. Kipimo cha milimita kilichoandikwa mwanzo hakijui nani ni baba, nani ni mama na nani ni mtoto. Kichwa kinarudishwa mpaka kwenye kipimo hicho, mizunguko inahesabiwa upya, na aliyekosea anajulikana bila kelele. Mtoto akiwa ndiye aliyekosea, anajifunza kuhesabu kwa makini. Mzazi akiwa ndiye aliyekosea na akasema, "Uko sawa mwanangu, futa ya kwangu," mtoto anajifunza jambo ambalo hotuba haiwezi kumpa.

KUFUNGA KIPYA

Kichwa kipya kilinganishwe na cha zamani kabla ya kufungwa: urefu, unene wa shina, aina ya uzi. Uzi wa tairodi upakwe grisi kidogo ili siku nyingine ufunguke. Lakini shina la umbo la pia na tundu lake viwe vikavu na safi, kwa sababu vinashikana kwa kukazana.

Kichwa kinazungushwa mpaka kipimo cha milimita kilingane na daftari. Shina linaingizwa kwenye tundu na nati ya taji inakazwa kwa nguvu inayotajwa na kitabu cha gari, kwa kutumia spana yenye kipimo. Baada ya hapo tundu la kotapini linatafutwa. Kama halijalingana na meno ya nati, nati inakazwa kidogo zaidi mpaka lilingane. Hairuhusiwi kuirudisha nyuma ili kotapini ipite, kwa kuwa hapo shina litakuwa limelegea. Kotapini mpya inapita, miguu yake inakunjwa, na mtoto anaiangalia kwa macho yake na kuandika: "Kulia, kotapini imeingia."

Bolijointi ya ndani ni habari nyingine. Kwenye Datsun za wakati huo kukazwa kwake kunahitaji kurekebishwa kwa uangalifu: ikilegea inacheza, ikikazwa mno usukani unakuwa mzito na haurudi wenyewe. Familia isiyo na kitabu cha gari wala uzoefu inafanya vyema kumwachia fundi sehemu hiyo.

HESABU YA DARASANI MEZANI KWA BABA

Gari likishashuka chini, lisukumwe mita chache ili lijikalie sawa. Kisha uelekeo wa matairi unapimwa kwa njia ya zamani inayohitaji chaki, tepu ya kupimia na watu wawili.

Usukani uwe umenyooka. Kwenye kila tairi la mbele, upande wa mbele, alama nyembamba ya chaki inawekwa katikati ya kashata, kwenye usawa wa kitovu cha gurudumu. Umbali kati ya alama hizo mbili unaandikwa. Gari linasukumwa mbele taratibu mpaka alama zilezile zifike upande wa nyuma wa tairi, kwenye usawa uleule, na umbali unapimwa tena. Kipimo cha mbele kikiwa kidogo kuliko cha nyuma, matairi yamefunga. Kikiwa kikubwa, yamefunguka. Tofauti hiyo ndiyo inayolinganishwa na kitabu cha gari, na kwa kawaida ni milimita chache tu.

Je, mzunguko mmoja wa tairodi unabadilisha kiasi gani? Hapa mwanafunzi anaweza kutumia uwiano aliofundishwa shuleni. Tuseme uzi unasogea milimita 1.5 kwa kila mzunguko, mkono unaogeuza gurudumu una urefu wa sentimita 13, na tairi lina kipenyo cha sentimita 60. Kipenyo hicho ni mara 4.6 ya mkono. Milimita 1.5 mara 4.6 ni karibu milimita 7. Maana yake mzunguko mmoja tu, upande mmoja tu, unaweza kuharibu kabisa kipimo kilichopaswa kuwa milimita chache. Marekebisho hufanywa kwa robo na nusu ya mzunguko.

Hesabu nyingine inaonyesha gharama ya uzembe. Kama matairi yamekosea kwa jumla ya milimita 6, kila tairi limepinda milimita 3 kwa kila sentimita 60 za kipenyo chake. Hiyo ni milimita 5 kwa kila mita, sawa na mita 5 kwa kila kilomita. Katika safari ya takriban kilomita 190 kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, tairi hilo kwa jiometri limelazimishwa kwenda upande karibu mita 950. Mpira unaobaki barabarani ulinunuliwa kwa fedha ambayo ingeweza kuwa ya sare za shule.

Kurekebisha kwenyewe kunafanywa kwa usawa. Tairodi ya kushoto ikifupishwa nusu mzunguko, ya kulia nayo ifupishwe nusu mzunguko, vinginevyo gari litanyooka lakini usukani utakaa pembeni. Kibano kidogo cha mpira wenye mikunjo kilegezwe kwanza, ili tairodi inapozungushwa mpira usijisokote na kupasuka. Mwisho nati za kuzuia zikazwe huku vichwa vya bolijointi vikiwa vimekaa wima bila kuinama upande.

KABLA YA MTOTO KUPANDA

Nati za magurudumu zikishakazwa, usukani uzungushwe mpaka mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia gari likiwa limesimama. Mipira ya breki isivutike, wala kitu kisigusane. Mzazi kisha aendeshe peke yake kwa mwendo mdogo mahali pasipo na watu, ajaribu breki, aachie mikono kidogo kuona kama usukani unarudi katikati. Kama gari linavuta, linatetemeka au linagonga, lirudi kwenye stendi.

Hata kila kitu kikionekana sawa, kipimo cha chaki ni cha kulifikisha gari kwenye gereji ya alaimenti kwa usalama. Mashine ya huko hupima pia pembe ambazo tepu haiwezi kuziona. Familia ikienda na daftari lake, fundi atajua nini kimebadilishwa, na mtoto anaweza kulinganisha namba za mashine na zake. Akiona amekaribia kwa milimita moja, atakuwa na habari ya kusimulia shuleni Jumatatu.

Kuna hali ambazo mzazi asijaribu kabisa: uzi wa tairodi ukiwa umekwanguka, tairodi ikiwa imepinda baada ya kugonga shimo au ukingo wa barabara, tundu la mkono likiwa limepanuka, au kichwa kipya kikishika nyuzi chache kuliko cha zamani. Tairodi iliyopinda hainyooshwi kwa moto wala nyundo. Inabadilishwa. Fundi anayependekeza kuichomelea au kuipasha moto ili irudi sawa anapaswa kukataliwa kwa heshima, hata kama bei yake ni nafuu.

Mzazi asiyetaka kushika spana naye ana nafasi. Anaweza kwenda gereji na mtoto wake na kuuliza maswali manne: Mpira wa bolijointi uko mzima? Kotapini ni mpya? Nati za kuzuia zimekazwa? Vipimo vya matairi kabla na baada ni vingapi? Fundi mzuri hakasiriki kwa maswali hayo.

Baada ya wiki moja ya kutembea, gurudumu litikiswe tena na kotapini zitazamwe. Zoezi hilo linachukua dakika chache kila baada ya miezi kadhaa, na mara nyingi zaidi kwa gari linalopita barabara za vumbi. Tarehe ziandikwe kwenye daftari lilelile, na daftari likae ndani ya gari, pamoja na kitabu chake, ili atakayeliendesha baadaye ajue lini tairodi ziliguswa na zilipimwa na nani.